Kibali cha Ng'ombe Wanne

Duka la dawa za mifugo ninaponunua dawa ya kuku, hapa mjini Eldoret, lina harufu ambayo sijaizoea mpaka leo. Ni ile dawa ya kuogeshea ng'ombe, kali, inayokaa kooni. Muuzaji hudhani nina mafua, na mimi humwacha adhani hivyo.

Harufu hiyo ilikuwa kwenye ngozi za ng'ombe wetu wiki tuliyohama kutoka Molo. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Baba, aliyekuwa amekamua ng'ombe wa mzungu tangu ujana wake, alinunua hisa katika shamba ambalo kundi la watu wetu lilipata upande wa Cheptiret. Tulikuwa na ng'ombe watano wa gredi, wale wa maziwa wa mbegu ya kizungu. Wanne walikuwa mitamba, hawajazaa bado. Wa tano tulimwita Nyange, kwa kuwa alikuwa mweupe kama wale ndege wanaofuata ng'ombe malishoni, naye peke yake ndiye aliyekuwa na maziwa. Ndama wake alikuwa amekufa, lakini alimkubali mama akamkamua bila ubishi. Maziwa yale yalikuwa ya Kariuki, ndugu yangu wa miezi mitano. Mama aliugua baada ya kumzaa, na maziwa yake mwenyewe yakakatika.

Kupeleka ng'ombe wilaya nyingine kulihitaji kibali. Kwanza walichanjwa na kuogeshwa, kisha mwenyewe akaenda ofisini kuandikiwa karatasi. Wetu walichanjwa wote, na Nyange akampiga teke mchanjaji hata kofia ikaanguka. Siku ya karatasi baba alinichukua mimi. Nilikuwa darasa la tatu, na yeye Kiswahili chake, kama alivyopenda kusema, kilikuwa cha kuombea maji tu.

Karani alituangalia, akacheka. "Mzee, leo umekuja na wakili?" Kisha akanigeukia. "Haya wakili, ng'ombe ni ngapi?"

Hapa lazima niwaeleze jambo. Kwetu hatukuhesabu kitu chenye uhai mpaka mwisho. Cucu, mama yake baba, alitufundisha tukiwa wadogo kabisa: ukiulizwa watoto, ukiulizwa mifugo, unabakiza mmoja mdomoni, na huyo unayembakiza ni yule unayempenda zaidi, ili ubaya wowote unaosikiliza usimjue. Hatukuona kwamba ni uongo. Ilikuwa adabu, kama vile kutomnyooshea mtu kidole.

"Ni nne," nikasema.

"Rangi?"

"Nyekundu mbili, nyeusi moja, na moja ya madoadoa."

Akaandika, akagonga muhuri. Baba aliikunja karatasi akaiweka ndani ya kofia yake. Nilirudi nyumbani nikijiona mtu mkubwa, kwamba nimemlinda Nyange.

Lori tulilokodi pamoja na familia nyingine lilisimamishwa kwenye kizuizi cha mifugo, ng'ambo ya Timboroa. Mvua ya manyunyu ilikuwa ikianguka. Mkaguzi mwenye gambuti alisoma karatasi yetu, akapanda nyuma kuchungulia, akashuka polepole.

"Mzee, huyu mweupe ametoka wapi?"

"Ni yangu," baba akasema.

"Wazungu wengine wote wameondoka na karatasi zao. Huyu wako mbona hana?"

Utingo alicheka sana, akapiga ubao wa lori kwa kiganja. Hata baba alijaribu kucheka. Mama hakucheka. Alishuka na Kariuki mgongoni, akamshika mkaguzi mkono wa koti. "Huyu amechanjwa. Ona shingo!"

Mkaguzi akaenda kuona shingo. Hakuwa mtu mbaya. "Mama, mimi naona," alisema. "Lakini nikimpitisha, apeleke ugonjwa huko mbele, ni mimi nitaulizwa. Mwacheni hapa kwa zizi. Mzee arudi alete karatasi yake."

Wenzetu wa lori walikuwa wameanza kulalamika. Nyange akateremshwa kwa kamba. Alianza kula majani kando ya zizi kana kwamba amefika.

Baba alirudi Molo siku ileile. Karani alikuwa amehamishwa, na aliyekuja badala yake alitaka barua ya mchanjaji, naye mchanjaji alikuwa huko mashambani, hajulikani atarudi lini. Ilichukua karibu mwezi. Karatasi mpya ilisema ng'ombe mmoja, jike, mweupe. Baba alipoifikisha kizuizini alikuta Nyange amekufa. Walisema ni ndigana, kwa maana zizi lile lilipokea wanyama wa kila mahali na kupe wao. Walinzi walimwambia alikuwa na maziwa mengi mpaka alipoanza kuugua. Baba alikuja nyumbani na kamba tu.

Kariuki tulimpa uji mwepesi. Mama mmoja jirani, Mnandi, alituletea maziwa kila alipokuwa na ziada. Mtoto alikufa mvua kubwa zilipoanza. Hospitalini walisema ni kifua. Sisemi kwamba ni kwa sababu ya maziwa. Sijui. Ila sijawahi kuweza kusema kwamba siyo.

Baada ya mazishi mama alimwuliza baba kilichotokea ofisini siku ile. Nilikuwa mlangoni na debe la maji.

"Nilikosea mimi," baba alisema.

Nilijua anasema uongo ili kuniokoa, na kwa miaka yote iliyofuata nilimpenda kwa uongo ule na kumwogopa kwa ajili yake. Tulilima pamoja, tukala pamoja, nikaolewa, nikawa narudi kuwasalimu. Sikumwuliza kamwe.

Mwaka mmoja baada ya kumzika baba, tukipukuchua mahindi na mama, nilimwambia mama yote. Kwamba baba hakuelewa nilichomjibu karani, kwamba kosa lilikuwa langu.

Mama alinitazama. "Baba yako asijue nne? Huyo aliuza ng'ombe sokoni kwa Kiswahili kabla hujazaliwa."

Basi alinisikia. Alisikia nne, akasikia rangi, akajua niliyembakiza ni nani, na akaniachia, kwa sababu hata yeye angembakiza yuleyule. Hakuwa amesema uongo ili kuniokoa. Alikuwa amesema ukweli wake, kwamba alikosea kuniachia, na mimi niliyekuwa na wangu nilisimama mlangoni na debe nisimwambie.

Niliendelea kupukuchua. Hapakuwa tena na mtu wa kumwambia.