Felisia na Suruali za Kupimia Watoto wa Kambini

Asubuhi imeshachangamka Kangle, mtaa wa karakana za nguo jijini Guangzhou, na vyerehani vinanguruma kila chumba. Felisia Gaudence amesimama mlangoni mwa karakana ya Mama Chen, mkononi kashika mizani ya kuning'iniza. Anatundika suruali ndogo ya turubai jepesi, anatazama mshale, anaitoa. Anatundika nyingine. Mshale unashuka zaidi, na uso wa Felisia nao unashuka.

“Kaka Maulid, hebu njoo uone,” anaita. “Mzigo umeharibika huu.”

Maulid Pandu, mfanyabiashara wa redio na pasi kutoka Unguja, anakuja akidhani ataonyeshwa tundu au uzi uliofumuka. Haoni kasoro yoyote. Kwa macho yake hii ya pili imeipita ya kwanza kwa uzuri, maana ndani imewekwa sponji na kitambaa laini.

“Si ndiyo bora hii, dada?”

“Ni bora kwa kukalia. Kwa kupimia ni balaa.”

Suruali hizi hazivaliwi kwenda popote. Mtoto huvalishwa, akatundikwa kwenye mizani, na uzito utakaoonekana ndio unaoamua kama atapata uji wa lishe au atarudishwa. Zinakwenda kusini mwa Bangladesh, kwenye kambi za Warohingya, Waislamu waliokimbia Burma mwanzoni mwa miaka hii ya tisini.

Wafanyabiashara Waislamu wa Dar es Salaam na Zanzibar walioko hapa walichanga baada ya sala za Ijumaa, wakanunua sufuria, bakuli na vikombe vya kupimia unga. Shirika dogo linalopika uji kambini likaomba na suruali za kupimia. Hapo wakakwama, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuziona. Maulid akamkumbuka Felisia.

Felisia ni Mkristo wa Ngara, mwenye umri wa miaka thelathini na minne. Anaishi kwa kuwatafutia wanunuzi wa nyumbani viwanda na karakana, na kamisheni yake ya asilimia tano ndiyo inayolipa chumba chake hapa na ada ya mwanawe kule. Katika kazi hii amekataa kamisheni, na sababu anayo.

Mwaka 1994, wakimbizi walipofurika wilayani kwao, alipata kibarua cha kupanga foleni ya watoto wa kupimwa. Siku moja mvua ikanyesha, suruali zikalowa, kazi ikaendelea hivyo hivyo. Mtoto mmoja aliyebaki mifupa mitupu akaonekana ana uzito wa kutosha. Mama yake akaambiwa arudi wiki ijayo.

“Hakurudi,” anasema Felisia. “Nilimtafuta foleni nzima. Mpaka leo sijui yule mtoto aliishia wapi, na roho huniuma. Maji tu yale, lakini yalimnyima uji.”

Sasa sponji imetokea wapi? Felisia anatikisa kichwa, maana amejiponza mwenyewe. Mtanzania hatoki dukani bila kudai nyongeza, hata akiwa ameshapunguziwa bei mpaka muuzaji anamwonea huruma. Naye alipokwisha kukubaliana na Mama Chen alimshika mkono, akamwomba “aongeze kidogo”. Alitegemea kupewa suruali chache za bure. Mama Chen alikuwa ameambiwa kwamba ni za watoto wenye njaa, akaongeza alichoona kinawafaa: nusu ya mzigo akaitia sponji, mapaja ya watoto yasichubuke.

“Ningenyamaza siku ile moja, ningepungukiwa nini?” anasema Felisia.

Maulid anapendekeza wazitenge, zenye sponji zipakiwe peke yake. Felisia anakataa. Kambini, anaeleza, mizani hurekebishwa asubuhi kwa suruali moja tupu, kisha watoto hupokezana suruali yoyote iliyo karibu. Atakayevalishwa ya sponji ataonekana amenenepa, na jioni atalala njaa.

Kazi ngumu ni kumwambia Mama Chen. Ameshaona zawadi yake inavyogeuzwageuzwa, amenuna, na Kichina cha sokoni cha Felisia hakitoshi kumbembeleza. Basi Felisia anamwomba Mama Chen amwazime mjukuu wake, kitoto kinene cha miezi minane. Anakivalisha suruali ya kawaida na kukipima, kisha anakivalisha ya sponji na kukipima tena. Kitoto kinacheka. Mshale umeshuka.

“Hapo katikati kimekula nini?” anauliza Felisia.

“Hakijala kitu,” anajibu Mama Chen.

“Mizani inasema kimeshiba. Kule kingerudishwa nyumbani.”

Mama Chen si mgeni wa njaa. Utoto wake, kijijini Hubei, ulipita katika miaka ambayo watu walichemsha magome ya miti. Anautazama ule mshale, anachukua mkasi na kuanza kufumua kazi ya mikono yake. Mafundi wake wanazima vyerehani na kumfuata.

Lori la kupeleka mzigo bandarini linafika kazi ikiwa bado mbichi. Maulid anamkalisha dereva kwa chai na sigara, kisha naye anavua koti na kukaa chini kufumua. Fundi mmoja anamnyang'anya suruali ya kwanza kabla hajaikata vipande.

Kila inayofumuliwa hurudi mizanini kwa Felisia. Mwisho kirobota kimoja kinabaki, kwa kuwa sponji yake ilibandikwa kwa gundi, nayo imegoma kutoka. Maulid anasihi kiende hivyo hivyo, watoto ni wengi na suruali ni chache. Felisia anakikalia. Lori linaondoka bila kirobota hicho, na mwanamke huyu mfupi, aliyejaa nyuzi mpaka kwenye nywele, anastahili heshima yetu yote.

Ameshaomba viza ya Bangladesh. Mchango wa pili ukikamilika, anataka kuusindikiza mzigo mpaka kambini, asimame tena kwenye foleni.

“Nataka nimwone japo mmoja amenenepa kweli,” anasema. “Suruali imbane, aambiwe amepona, uji wake umekwisha, alie kwa kuukosa. Kilio hicho nitakisikiliza kutwa nzima.”