Kipande cha Mvua

Kwenye stendi ya Songea nilikaa karibu na familia iliyohama Namasakata baada ya mahindi kukauka tena. Walikuwa wanakwenda kutafuta vibarua vya kulima. Baba alishika majembe yaliyofungwa kwa khanga. Mama alimbembeleza binti yao kwa wimbo wa Kiyao wa kulimia, akijipiga gotini kila jembe la kwenye wimbo linaposhuka.

Bwana mmoja mwenye tai akatoa simu, akarekodi bila hata kuomba. Mama aliponyamaza, bwana akalalamika.

"Malizia basi, dada. Mtamu huo!"

"Kilichobaki hakiimbwi mpaka ardhi ishibe mvua, kaka."

"Nani atajua?"

"Mungu anajua."

Bwana akamgeukia binti. "Haya, niimbie wewe."

Mtoto akaimba vizuri kabisa. Alipofika palepale alipoishia mama yake, akajipigia makofi.

"Bado, mtoto. Endelea!" bwana akamhimiza.

"Mwache," mama alisema, macho yakiwa kwenye majembe. "Kilichobaki hajawahi kukisikia. Tangu azaliwe, ardhi haijashiba."

Bwana akaurusha mtandaoni. Nilichungulia simu yake, ameandika, "Wimbo kamili."

Nilitaka kumkaripia. Nikamtazama yule mtoto. Kwake yeye, ni kamili.