Fundi Viatu Aliyeona Haya Kuomba

Fundi viatu mmoja, ambaye watu walimwita Taratibu kwa kuwa ndilo neno alilompa kila mteja mwenye haraka, alikuwa na kibanda cha mabati karibu na zahanati. Soli iliyobanduka haikumshinda. Kilichomshinda ni kuomba. Hata chumvi kwa jirani alimtuma mkewe.

Siku moja familia nne za mtaani kwake zilitolewa vyombo nje bila taarifa. Wapangaji wakaunda umoja. Mwenyekiti, mama mpishi wa shule ambaye hajawahi kuhitaji kipaza sauti, akaeleza kwamba wakili amekubali kuipeleka kesi mahakamani kwa ada ndogo, ila hata hiyo ndogo hawana. Akatafuta mtu wa kuchangisha. Wote wakainama wakatazama viatu vyao. Mwenyekiti naye akavitazama, kisha akamtaja fundi.

Wiki ikaisha, daftari la michango likabaki jeupe. Nyumbani akamlalamikia mkewe kwamba hali ni ngumu, watu hawana kitu. Mkewe, aliyekuwa akikunja nguo, akamuuliza ameshawaomba wangapi. Fundi akajikuna kisogo.

“Nikiwatazama tu naona hawana.”

“Kumbe siku hizi unasoma mifuko ya watu kwa macho,” mkewe akasema. “Waulize, baba. Wenyewe ndio wanajua kama wanacho.”

Kesho yake muuguzi wa zahanati alileta kiatu kilichopasuka ubavuni. Akakaa kwenye benchi, mguu mmoja peku juu ya kipande cha boksi, na fundi akang'amua kwamba mtu wa namna hiyo haendi popote. Huku akipitisha uzi, akamsimulia habari za mama aliyerudi kutoka kazini akakuta kitanda chake kinanyeshewa uani. Halafu, jasho likimtoka, akaomba. Muuguzi alitoa alichokuwa nacho, na jioni akarudi na michango ya wenzake sita.

Tangu siku hiyo benchi likawa ofisi. Waliokuja kubandika soli waliondoka wamejiandikisha.

Kisha akaja msimamizi wa nyumba, yule yule aliyekuwa akiwapelekea wapangaji barua za kuhama. Alivua kiatu akakaa. Fundi akagonga misumari bila kuinua uso, mpaka mgeni mwenyewe akaanza.

“Nasikia unachangisha. Mbona mimi huniambii?”

“Nimeona haya, kaka. Kazi yako naijua.”

“Na mimi ni mpangaji. Juzi nimeletewa barua kama zile ninazopeleka.” Akatoa pesa, akaomba jina lake lisiandikwe.

Fundi akaweka nyundo chini. Akamweleza kwa upole kwamba umoja haupokei mchango wa siri. Kila jina husomwa mkutanoni. Kama hawezi, basi abaki na pesa zake, na kiatu atashonewa vile vile. Yule bwana akauchezesha mguu wake peku.

“Andika,” akasema.

Hakuishia hapo. Wiki iliyofuata alimpelekea wakili nakala za barua zote, akakiri kwamba aliagizwa aziandike tarehe za nyuma, ionekane wapangaji walipewa taarifa mapema. Ushahidi huo ndio uliogeuza kesi. Mahakama ikaamuru asitolewe mpangaji bila notisi ya miezi mitatu. Familia tatu zilirudi. Ya nne ilikuwa imeshapata kwingine. Msimamizi alifukuzwa kazi, akaingia kulinda ghala la mbao, na huwaambia watu kwamba sasa usingizi anaupata.

Fundi naye huitwa na vikundi vingine vinavyotaka kuchangisha. Mwezi uliopita alialikwa na wanawake wanaofua nguo majumbani, wanaodai mikataba ya kazi. Alivaa shati lililopigwa pasi, akasimama mbele ya watu arobaini, akawaambia waombe kisha wanyamaze, wamwache mtu ajibu. Walipomaliza kupiga makofi alikuwa bado anatabasamu, na akawaomba, bila kutumwa na mtu, wachangie nauli ya mashahidi wa kesi inayofuata ya wapangaji.