Colombe alivyonililia Kavumu

Bibi yangu Colombe alikufa mwaka huu, mu mvua ya mwezi wa tatu. Watoto wetu wanataka niseme maisha yake. Mimi si mutu wa maneno mengi. Nitasema kitu kimoja tu, maana ndani yake namuona muzima.

Wakati ule nilikuwa mekanisie, fundi wa moteri, wa bato ya doria, ile ya serikali iliyokuwa inazunguka ziwa kutafuta wenye kuvusha kahawa kwa siri. Pompe ya mazutu, ile inayopeleka mafuta ku moteri, ilikufa mwisho wa mwaka 1971. Bila pompe moteri hainywi, na isipokunywa haitembei. Muzungu aliyetufundisha kazi alikuwa anafunga mizigo arudi kwao. Akasema atatuma pompe mupya kwa ndege. Akaenda.

Tukangoja. Asubuhi ukungu ulikuwa unashuka mpaka chini, bato inabaki kama imetundikwa hewani, haina maji chini yake. Nilikuwa naingia tumboni mwake, nashika chuma, nazungusha moteri kwa mukono, robo ya muzunguko, ili kutu isiikamate. Kisha nakaa. Maji yanagonga bati polepole, ungesema ni mutu anaongea mu chumba cha pili. Siku zingine sikujua kama nimelala ao niko macho.

Hatukukaa bure. Tulichonga kipande cha shaba, tukakitia mu pompe ya zamani. Ilitembea mpaka tukaona vilima vya kisiwa cha Idjwi, halafu ikanyamaza. Wavuvi wakatuvuta na mitumbwi mitatu, wanaimba, wanatucheka: serikali imechoka, inarudi nyumbani kulala. Mara ya pili shaba ilipasuka hata hatujatoka bandarini. Komanda wetu akakataza tusijaribu tena.

Mwezi wa ine barua ikakuja. Kama bato haitembei kabla mwezi wa sita haujaisha, mekanisie ataenda Kalemie, mbali sana, kule kuna bato zingine. Colombe alikuwa na mama yake kipofu, mama Cibalonza, kule Bagira. Kumuacha hakuweza, na yule mama hakutaka kutoka mu nyumba yake, alikuwa anajua kila ukuta kwa mukono. Basi ningeenda pekee yangu. Colombe alianza tu kukunja nguo zangu. Anazikunja, anazikunjua, anazikunja tena.

Na pompe ilikuwa imeshafika. Ilikuwa Kavumu tangu mwezi wa pili, mu depo ya uwanja wa ndege. Muzungu aliandika juu ya kisanduku jina langu alilolijua: Barthélemy, Bukavu. Hakuandika kingine. Lakini kisanduku kingali njiani, serikali ikakataza majina ya ubatizo, na mwenye kuyatumia aliweza kufungwa. Mimi nikawa citoyen Cirhuza tu, mwananchi Cirhuza; karte yangu ya kitambulisho ilisema hivyo. Colombe akawa Nsimire mbele ya watu. Ndani ya nyumba alibaki Colombe.

Nilienda Kavumu mara tatu. Karani wa depo, Birindwa, mutu mutulivu wa miwani, aliangalia karte yangu akasema Barthélemy hayuko tena mu inchi hii. Nikamwambia ni mimi. Akaniuliza polepole kama niko tayari kusema vile mbele ya mashahidi. Nikachukua karte yangu, nikarudi Bukavu. Komanda naye alikataa kupiga kashe, ule muhuri wa serikali, juu ya karatasi yenye jina lile. Alikuwa na watoto saba. Siku za depo zikiisha, kisanduku kingerudishwa Ulaya.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita niliamka, kitanda kitupu. Colombe alikuwa amepanda kamio ya wauza mihogo kule Nyawera. Yaliyofuata nilisimuliwa na yeye, na baadaye na Birindwa mwenyewe, na hawakupishana.

Alifika Kavumu pekupeku, amefunga kichwa na kitambaa cheusi. Akakaa chini ku mulango wa depo, akaanza kulia. Si kulia kidogo. Wapakizi waliacha mizigo. Birindwa akatoka.

"Unalilia nani, mama?"

"Bwana yangu, papa. Barthélemy. Kitu yake iko humu ndani."

"Alikufa lini?"

"Mwezi wa kwanza, papa. Balisema asikuwe tena, naye akatii."

Birindwa akavua miwani, akaifuta. Akasema kwa sauti ya chini kwamba hakuna amri inayobadilisha jina la marehemu. Akaandika mu kitabu: kwa mujane Nsimire. Colombe akatia kidole cha wino. Wapakizi wawili wakabeba kisanduku mpaka barabarani, ku kamio ya kurudi Bukavu, wamevua kofia.

Ukungu wa siku ile haukutoka hata saa sita. Nilikuwa juu ya bato nikaona pusupusu, kigari cha kusukuma, inatokea na kijana wake ndani ya weupe ule, kisanduku juu yake, na mwanamuke wa kitambaa cheusi anatembea nyuma pekupeku, vile watu wanafuata maiti. Nikasema naota. Alipokaribia nikamuuliza nani amekufa.

"Wewe," akasema. "Fungua."

Kufunga pompe kulichukua siku tatu. Nikamwambia atoe sasa kile kitambaa, majirani wanaulizauliza. Akakataa.

"Nilishaanza kukulilia. Siwezi kuacha katikati, itatuletea mabaya. Nitamaliza siku bato itatembea."

Siku zile tatu alinipikia, akaweka sahani mbele yangu, lakini hakuniita jina na hakuniangalia usoni. Nilikula kama mugeni mu nyumba yangu. Nilikuwa najigusa mukono, kuona kama niko.

Siku ya ine tuliwasha. Moteri ikakohoa, ikatupa moshi mweusi, ikafa. Hewa ilikuwa mu bomba. Nikaitoa, tukawasha, ikafa tena. Colombe alikuwa amesimama ku gati. Mara ya tatu ikashika, bato nzima ikatetemeka, na gati ikaanza kwenda nyuma. Nikatoa kichwa ku tundu. Alifungua kitambaa, akakitikisa kama anatoa vumbi, akapanda njia ya soko bila kugeuka.

Mwaka ule ule, mbele ya Noeli, tulikutana na Birindwa soko ya Nyawera. Akamsalimia Colombe na ile sauti ya matanga. Kisha akaniona mimi, na kikapu mukononi. Aliniangalia sana.

"Mama Nsimire, uliolewa tena?"

"Ndiyo, papa. Huyu ni citoyen Cirhuza. Anafanana na marehemu kidogo, lakini yule alikuwa anaongeaka zaidi."

Birindwa akanipa mukono, akaniambia nimutunze muzuri, amepata mateso. Nikasema nitajaribu.

Kutoka siku ile, akikasirika, Colombe alikuwa ananiita bwana wa pili. Nimekuwa bwana wa pili miaka makumi ine na moja. Kalemie sijaiona mpaka leo.