Akiba Ndani ya Mshono

Basi lilitushusha saa nne asubuhi katika mji nisioujua, na mkanda wa begi langu ukakatika kabla sijavuka barabara. Gari la kuendelea na safari lingekuja alasiri. Muuza vocha akanielekeza kwenye nyumba ya ghorofa moja, kwa fundi wa nguo aliyeitwa Mama Pindo.

Nilimkuta chini ya ngazi. Cherehani ya kukanyaga, benchi moja, na dari ambayo kwa kweli ilikuwa ngazi yenyewe, hivyo kila aliyepanda au kushuka alimpita utosini. Alipiga mshono mara tatu pale ambapo mara moja ingetosha, akanirudishia begi, na kwa kuwa nilikuwa na saa za kupoteza nikabaki kwenye benchi. Nikamuuliza biashara ikoje.

Swali hilo nimewauliza vinyozi na wabadilisha fedha wa miji mingi, nao hujibu kwa kulalamika. Yeye alinijibu kwa nguo. Miaka minne mizima, alisema, hakushona kitu kipya hata kimoja. Aligeuza kola zilizochakaa. Shuka zilizoisha katikati alizipasua, akaunganisha kingo ziwe katikati. Sare za shule zililetwa kubwa, mtoto akiogelea ndani yake, na kila mwaka alishusha pindo. Ndipo alipopata lile jina. Wanaume walikuja kupunguziwa viuno tu. Lakini mwezi uliopita mmoja alikuja kuachiwa kiuno, kiwe kipana, mpaka akampongeza. Kisha wanawake watatu wakaleta vitambaa vikiwa bado kwenye karatasi ya duka. Na hoteli iliyokuwa imefungwa, ile ya ng'ambo ya barabara, ikapakwa rangi.

"Watu wameanza kupumua," alisema. "Bado mimi."

Nyumba ilikuwa ya wifi yake. Mume alikwenda kutafuta kazi nchi jirani mambo yalipokaza, na simu zake zikawa za kuhesabika. Tangu hapo mama huyu na binti zake wawili wanalala sebuleni juu, nyuma ya pazia, naye anawapikia na kuwafulia watu wote wa nyumba. Alikuwa ameona chumba cha kupanga mtaa wa pili, chenye mlango wake na ufunguo wake. Mwenye chumba alikubali kusubiri hadi mwisho wa mwezi. Kilichobaki ni kodi, na kodi ingetoka hotelini: meneja alikuwa amemletea kitambaa cha mashati manane ya wahudumu, kimepimwa kamili, kama jaribio. Akiridhika, mapazia, shuka na aproni zote zingekuwa za Mama Pindo.

Meneja angekuja saa sita. Mashati sita yalikuwa yamekunjwa mezani. La saba na la nane hayakuwepo.

Alinionyesha kilichotokea kwa kugeuza shati moja ndani nje. Kila mshono wa ubavuni ulikuwa na nguo ya akiba upana wa vidole vitatu, na pindo la chini lilikunjwa mara mbili, zito kama la sare ya mtoto anayetarajiwa kurefuka. Alikata kama alivyozoea kukata kwa miaka minne, na kitambaa kikamwishia kwenye shati la sita. Madukani hakikuwepo cha rangi ile. Vilivyobaki vilikuwa vipande vyembamba kama utepe.

"Sikufikiria," alisema. "Mkono ulikwenda wenyewe."

Wifi alishuka, akasimama ngazi ya tatu, akayahesabu mashati kwa macho. Akauliza kama wahudumu wawili watafanya kazi vifua wazi. Fundi aliendelea kupiga pasi. Wifi akamkumbusha kwamba ndoo za juu hazina maji, akapanda zake.

Meneja alifika kwa wakati, kijana nadhifu, tena mpole. Fundi hakungoja aulizwe. Alimweleza kosa lake lote, kisha akamfunulia mishono: humo ndani kuna nguo ya kutosha, mtu akinenepa anaachiwa, mikono ikiwa mifupi inashushwa, shati litadumu miaka. Meneja alipapasa ubavu wa shati, akatabasamu kwa heshima.

"Mama, wahudumu wangu wameshakua. Shati likichakaa nanunua jingine."

Meneja alilipia sita. Yale mawili atampa fundi wa karibu na stendi mwenye mashine ya umeme, alisema, na kazi nyingine zitafuata hukohuko, asiwe na watu wawili wanaokata tofauti. Akamshukuru mara mbili na kuondoka na mashati yake mkononi.

Mama Pindo alikusanya vile vipande vyembamba, akavinyoosha kimoja kimoja kwa kiganja, akaviweka kwenye mfuko pamoja na vingine vya miaka ile. Nilimwambia wateja wapya wataongezeka, mwenyewe ameona dalili. Alikubali kwamba wataongezeka.

"Ila mwenye chumba hatanisubiri, ndugu yangu."

Juu, wifi aliita tena. Mama Pindo akazima taa, akachukua ndoo mbili zilizokuwa nyuma ya cherehani, akaenda kuzijaza bombani uani. Kisha akapanda, polepole asimwage, hatua zake zikipita juu ya kichwa changu. Nilibaki kwenye benchi, gari langu likiwa limebakiza saa tatu kufika.