Mtihani wa Kamba

Baba alifundisha sayansi maisha yake yote. Alipostaafu akanunua tangi la kioo, akalijaza maji ya chumvi aliyoyachanganya mwenyewe, akafuga samaki wa baharini sebuleni kwetu Pasiansi, wakati ziwa zima liko ng'ambo ya barabara. Majirani walimcheka. Mimi nilimpenda kwa ubishi huo.

Halafu akaanza kusahau. Kaka yangu mkubwa, ambaye alikwisha kumpata mpangaji wa nyumba ya baba, akataka kumhamishia kwa shangazi yetu kijijini Muleba. Baba akakataa. Wiki hiyohiyo, kamba mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni akachomoza kwenye jiwe la matumbawe lililoletwa kutoka Tanga. Hakuna aliyemjua. Kaka akapata la kusema mbele ya wageni.

"Mzee, wewe si mwalimu? Tuambie huyu ni nani na anaishije. Ukipata, unabaki. Ukikosa, Muleba."

Tulidhani anatania. Lakini kila asubuhi alimsimamisha baba mbele ya tangi kama mwanafunzi mtoro, akamuuliza upya. Siku moja baba alisema ni uduvi. Siku nyingine akamwita kwa jina la marehemu mama, na wifi yangu, mke wa kaka, akacheka mpaka akashika tumbo. Nilitamani kumzaba kibao.

Jumamosi tulimkuta kamba amelala chali, hatikisiki.

"Kafa," kaka alisema. "Mtihani umekwisha." Akapiga simu kuita gari.

Baba alisogea mpaka pua ikagusa kioo. "Hajafa. Amevua nguo tu. Kajificha, yuko uchi."

"Mnasikia wenyewe," wifi alisema. "Kamba anavaa nguo."

Baba hakumjali. Kwa sauti yake ya darasani akaeleza kwamba kamba hukua kwa kujivua gamba, kisha hujificha mpaka jipya likakamae. Huyu, alisema, ni msafishaji: huwatoa samaki wadudu wa mwilini, nao humwachia aingie hadi kinywani. Nilitaka kupiga vigelegele.

Kaka akatia mkono, akautoa ule mzoga. Ulikuwa mwepesi kama ganda la kitunguu, na ndani mtupu. Nyuma ya jiwe yakatokeza masharubu marefu meupe, kisha mwenyewe, mzima. Tulimwona sote.

"Umepata, mzee," kaka alisema, akijifuta vidole kwenye pazia. "Lakini gari limeshafika, na tutakosa kivuko cha Kamanga."

Nilimwita mwongo. Nikamshika baba mkono, kaka akanibandua kidole kimoja kimoja, akaniambia nikamtafutie mzee sweta.

Baba alimtazama mwanawe kuanzia viatu hadi usoni, kwa muda mrefu. Kisha akainamisha kichwa.

"Shikamoo," akamwambia.

"Marahaba," kaka akaitikia, akamfungulia mlango wa gari.