Alama Kumi za Mock

Nilinyoosha mkono kuunga. Nilipaswa kukataa.

Ulikuwa mkutano wa kamati ya wazazi, katika shule ya kutwa ambako mjukuu wangu alikuwa kidato cha nne. Mwalimu mkuu alipendekeza kila mtahiniwa akatwe alama kumi katika kila somo la mock, ule mtihani wa majaribio kabla ya wa kitaifa, kimyakimya, ili watoto washtuke wasome. Mama mmoja muuza mitumba akadakia, "Kateni ishirini! Wangu akiona A atalala mpaka Krismasi." Tukaangua kicheko. Kwa kuwa nilikuwa mkubwa wao kwa umri, nikaombwa neno la mwisho. Nikasema hata mimi nilisomeshwa kwa hofu.

Mjukuu huyo, aliyeniita Guka, yaani babu, nimemlea tangu mama yake afariki. Mock ilipotoka alipata B. Alikaa kwenye ngazi za ploti yetu ya kupanga, mtaani Kariobangi, karatasi magotini, hataki kula. Kisha akaanza kusoma kama mtu anayefukuzwa, nami nikajipongeza.

Wiki mbili baadaye akaja na fomu. Chuo kikuu kimoja cha ng'ambo kilikuwa kikisomesha vijana uhandisi wa ndege bila malipo, lakini hakikungoja matokeo ya mtihani wa kitaifa. Kilitaka makadirio: mwalimu aandike gredi anayotarajia mwanafunzi apate. Chini ya A, hakuna nafasi.

"Guka, mwalimu anasema ataandika ile ya mock. Eti ndiyo rekodi aliyo nayo."

Kesho yake nilikwenda kwa mwalimu mkuu.

"Mzee, nikimrudishia huyu alama zake, wengine watauliza zao ziko wapi," akasema. "Wazazi watajaa hapo getini. Utasimama uwaambie wewe ndiye uliyeunga mkono?"

Niliwaza majirani wakininyooshea kidole sokoni. Nikamwambia basi, tuache. Fomu ikaenda na B.

Jibu lingekuja kwenye simu yangu, kwa kuwa yeye hakuwa na yake. Kila ilipotetemeka mfukoni niliitoa haraka. Niliogopa hata kuiacha mezani.

"Guka, wamejibu?"

"Bado."

Walipojibu, ilikuwa mistari minne tu. Makadirio hayakufikia A. Aliisoma mara mbili, akanirudishia simu na kusema, "Si makosa yao. Ni mimi sikutosha." Hapo ndipo nilipaswa kumwambia ukweli. Niliitia simu mfukoni.

Katika mtihani wa kitaifa alipata A. Majirani walipiga vigelegele, lakini nafasi za kule ng'ambo zilikuwa zimeshajazwa. Alipokwenda shuleni kuchukua karatasi ya matokeo, mwalimu wake, kwa furaha, akamwambia kwamba hata mock alistahili A, zile alama zilikatwa tu kwa idhini ya kamati ya wazazi. Alirudi nyumbani akasimama mlangoni, hakuingia.

"Guka, ulijua?"

"Nilijua. Niliunga mkono."

"Ulijua kabla fomu haijaenda?"

"Kabla."

Sasa anaishi kwa shangazi yake, mtaani Njiru, na anasoma uhandisi wa ujenzi, ambao hakuutaka. Hapokei simu zangu. Fomu zake husainiwa na shangazi. Niliogopa kuaibika mbele ya wazazi wenzangu, na kwa sababu hiyo nimempoteza mtoto niliyemlea.